Grandimasta wa sataranji anapopoteza michezo ya kasi mtandaoni: dalili, sababu na tiba

Grandimasta, yaani mwenye cheo cha juu kabisa cha sataranji, anayetamba kwenye ubao wa mbao, lakini mtandaoni anaangushwa na wachezaji walio chini yake kwa pointi 150 au 200 za ukadiriaji, mara nyingi huanza kwa kubadilisha ufunguzi. Anaacha Najdorf, anashika Caro-Kann (zote ni njia za weusi kumjibu mpinzani mwanzoni mwa mchezo), na baada ya wiki mbili yuko palepale. Katika mchezo wa dakika tatu, ugonjwa hukaa kwanza kwenye saa na kwenye mkono, ndipo huonekana kwenye kete. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na saa.

Kabla ya kugusa chochote: pima

Pakua michezo yako 100 ya mwisho ya kasi moja tu. Usichanganye 3+1 (dakika tatu na nyongeza ya sekunde moja kila hatua) na 3+0 (bila nyongeza), wala blitzi (michezo ya dakika chache) na buleti ya dakika moja. Kila moja ina maradhi yake. Tovuti za Chess.com na Lichess zote hutoa faili za PGN (maandishi yanayorekodi mchezo mzima) zenye muda uliobaki baada ya kila hatua, ulioandikwa hivi: [%clk 0:01:47]. Hiyo ndiyo data muhimu kuliko zote, na wengi hawaifungui kabisa.

Kwa kila mchezo uliopoteza au kutoka sare, andika muda wako na wa mpinzani baada ya hatua ya 10, 20 na 30, tathmini ya Stockfish (programu, au injini, ya kuchambua sataranji) katika vituo hivyo vitatu, na namna mchezo ulivyoisha: saa, mati, au kusalimu amri. Kisha gawa michezo hiyo mafungu manne:

1. Saa iliisha ukiwa katika nafasi sawa au bora.
2. Ulifanya kosa kubwa ukiwa na sekunde chini ya 15.
3. Ulifanya kosa kubwa ukiwa bado na zaidi ya dakika moja.
4. Ulizidiwa taratibu, hatua kwa hatua, bila saa kuhusika.

Injini hupima faida kwa thamani ya askari, +1 ikiwa faida ya askari mmoja; kosa kubwa hapa ni lile linaloshusha tathmini kwa askari wawili au zaidi na kubadilisha matokeo yanayotarajiwa. Kushuka kutoka +8 hadi +5 usikuhesabu, bado unashinda. Wala huhitaji kuiacha injini ichimbe kina kirefu, kwani makosa ya ukubwa huu huonekana ndani ya sekunde moja au mbili za uchambuzi.

Fungu la nne peke yake ndilo linalodai kazi ya ufunguzi na maarifa ya nafasi. Kwa mchezaji wa kiwango hiki, kwa kawaida ni dogo kuliko anavyodhani.

Dalili: saa yako inaachwa nyuma kati ya hatua ya 10 na ya 20

Hii ndiyo dalili ya kawaida kabisa kwa grandimasta aliyekulia kwenye michezo mirefu. Ufunguzi unakwenda vizuri, nafasi ni nzuri, lakini kwenye hatua ya 20 umebakiwa na sekunde 70 huku mpinzani ana 120. Kosa lenyewe litatokea kwenye hatua ya 34, nawe utalilaumu hilo la 34.

Sababu ya kwanza ni kutafuta hatua bora pale ambapo hatua tatu zinatosha. Jicho lililozoea saa mbili za kufikiri huona tofauti ya robo ya askari na kutaka kuipata. Katika 3+0, mchezo wa hatua 60 unakupa wastani wa sekunde 3 kwa hatua. Katika 3+1 ni sekunde 4. Katika 3+2, kasi ya ubingwa wa dunia wa blitzi wa FIDE (shirikisho la kimataifa la sataranji), ni sekunde 5. Ukitoka kwenye ubao wa mbao wa 3+2 na kuingia mtandaoni kwenye 3+0, umepoteza asilimia 40 ya muda wako kabla hujasogeza kete. Wengi hawarekebishi mwendo wao kulingana na hesabu hiyo.

Sababu ya pili ni ufunguzi wenyewe. Baadhi ya nafasi zinadai uamuzi mgumu kila hatua mbili: nile kwa askari yupi, mfalme nimfiche upande gani, nitoe kete au nisitoe. Najdorf ambamo weupe hucheza 6.Bg5 (hatua ya sita, askofu kwenda mraba wa g5) ni mfano mzuri. Ufunguzi huo si mbaya. Ila mpinzani aliyeukariri anautembea kwa sekunde 10 ilhali wewe unaukumbuka kwa sekunde 50. Kwa michezo ya kasi unahitaji mfumo mwembamba zaidi: jibu moja tu kwa 1.e4, jibu moja kwa 1.d4, na mpango mmoja kwa weupe ambao muundo wake wa askari hubadilika kidogo. Grandimasta Hikaru Nakamura amecheza 1.b3 mara nyingi mtandaoni, na faida yake ya kisaa ni wazi: mpinzani anatolewa mapema kwenye njia alizokariri, naye Nakamura anabaki katika nafasi anazozijua.

Tiba ni kujiwekea vituo. Kwa 3+1, saa yako isome hivi au zaidi:

- baada ya hatua ya 10: 2:45
- baada ya hatua ya 20: 1:55
- baada ya hatua ya 30: 1:00
- baada ya hatua ya 40: 0:30

Kwa 3+0, punguza kila kituo kwa sekunde 5 hadi 10. Vituo hivi si sheria. Ukiwa na sekunde 20 pungufu na nafasi inayoshinda, endelea. Lakini ukikuta umekosa kituo cha 20 katika zaidi ya theluthi ya michezo yako, kazi yako ya wiki ni hiyo moja. Cheza vipindi vya michezo 10 ukilenga kituo hicho tu, na matokeo uyaache kwanza.

Kuna sababu nyingine inayosahaulika, inayowahusu wanaorusha michezo yao mubashara. Kueleza mawazo kwa sauti kunakula sekunde. Linganisha muda wako kwenye hatua ya 20 ukiwa hewani na ukiwa kimya. Pengo likizidi sekunde 15, nyamaza kuanzia hatua ya 10 hadi ya 25 kisha ueleze mchezo ukiisha.

Dalili: nafasi imeshinda, mchezo haukushinda

Hapa ndipo pointi nyingi humwagika, na hapa tunataka kukaa kidogo.

Tazama kwanza michezo uliyofikia +4 au zaidi kisha ukapata sare au kushindwa. Mara nyingi utakuta jambo moja kati ya haya.

*Ulikuwa unatafuta mati nzuri.* Ukiwa na ngome zaidi na sekunde 20, hatua sahihi ni ile inayopunguza maswali: badilisha malkia, ondoa farasi wa mwisho wa mpinzani, mweke mfalme wako mahali pasipo na cheki. Farasi ndiye kete hatari kuliko zote katika sekunde za mwisho, kwa sababu cheki zake za uma, zinazoshambulia mfalme na kete nyingine kwa pamoja, hazionekani mkono unapokimbia. Kama una nafasi ya kubadilishana naye hata kwa gharama ya askari mmoja, badilishana.

*Hukujua sheria ya tovuti uliyomo.* Kwa kanuni za FIDE, muda ukiisha unashindwa, isipokuwa kama mpinzani hawezi kukupiga mati kwa mfululizo wowote wa hatua halali. Lichess inafuata mantiki hiyo. Chess.com hutazama kete alizobaki nazo mpinzani: akiwa na mfalme na farasi mmoja tu, au mfalme na askofu mmoja tu, muda wako ukiisha ni sare. Tofauti hii inabadilisha uamuzi. Tuseme una askari wawili dhidi ya farasi na askari mmoja, na saa yako ina sekunde 3. Kwenye Chess.com, kumla huyo askari wa mwisho kunakuondolea hatari ya kupoteza kwa saa. Kwenye Lichess hakukuokoi, maana ukiwa na askari wako ubaoni, farasi peke yake bado anaweza kupata mati kinadharia. Penye mfalme mtupu tovuti zote mbili zinakubaliana: mpinzani asiye na kete yoyote hawezi kushinda kwa saa. Basi ukizidiwa na muda huku una kete nyingi, kula kila kitu.

*Ulirudia nafasi.* Chess.com hutangaza sare yenyewe nafasi ikijirudia mara tatu. Lichess huacha mchezaji adai, lakini ina mpangilio wa kudai moja kwa moja, ama daima ama muda ukiwa chini ya sekunde 30, na wachezaji wengi wamewasha. Kurudia mara moja ili kukusanya sekunde za nyongeza ni mbinu halali na nzuri. Hatari ni kupoteza hesabu. Rudia mara moja, kisha badilisha, hata kama badiliko lenyewe ni kusogeza askari wa pembeni. Hatua ya askari hufuta kabisa uwezekano wa nafasi za nyuma kurejea.

*Mkono haukujua mwisho wa mchezo.* Kila grandimasta anajua mati ya ngome na mfalme. Swali ni kama vidole vinaijua kwa sekunde 12. Kwa uchezaji kamilifu mati hiyo haizidi hatua 16 kutoka nafasi mbaya kabisa. Binadamu anayekimbia hutumia takribani 20, na kwa nusu sekunde kila hatua ni sekunde 10. Malkia na mfalme ni hatua 10 kwa uchezaji kamilifu, na inapaswa kukamilika ndani ya sekunde 7 au 8. Maaskofu wawili ni 19. Askofu na farasi ni 33, na bila nyongeza hupaswi kuianza ukiwa na chini ya sekunde 30. Fanya mazoezi dhidi ya injini: ngome kwa sekunde 15, malkia kwa sekunde 8, kila moja mara tano kabla ya kikao. Ni dakika chache tu, na zinarudisha pointi haraka kuliko kazi yoyote ya ufunguzi.

Ngome dhidi ya ngome bila nyongeza ni mtego wa pekee. Kwenye ubao wa mbao, miongozo ya FIDE ina utaratibu wa kumwita mwamuzi pale mpinzani asipofanya juhudi ya kushinda isipokuwa kwa saa. Mtandaoni mwamuzi huyo hayupo. Nafasi iliyo sare kabisa yenye sekunde 9 dhidi ya 14 ni nafasi ya kushindwa. Toa ombi la sare mapema, ukiwa bado mbele kwa saa au sawa. Ukishakuwa nyuma, hakuna atakayelikubali. Na kama uko mbele kwa saa, usibadilishe ngome hizo: kila hatua ya ngome inampa mpinzani swali, ilhali wafalme watupu wanampa sare.

Dalili: malkia anatolewa bure katika hatua tangulizi

Hatua tangulizi ni ile unayoiingiza kabla mpinzani hajacheza. Kwenye Lichess unaweza kuweka moja tu kwa wakati, nayo haili muda. Kwenye Chess.com unaweza kupanga kadhaa mfululizo, kila moja ikigharimu sehemu ya kumi ya sekunde. Maana yake ni kwamba ukiwa na sekunde moja kamili huko una hatua zisizozidi kumi, na ni lazima ulijue hilo kabla ya kuanza mbio za askari kuelekea mwisho wa ubao.

Aina salama kabisa ni kula tena. Ukielekeza kete yako kwenye mraba wenye kete yako nyingine, hatua hiyo itatekelezwa pale tu mpinzani atakapokula hapo. Vinginevyo si halali na inafutwa, nawe hupotezi chochote. Itumie daima. Salama pia ni jibu pekee lililopo, kama mfalme aliyebakiwa na mraba mmoja.

Hatari ni mpangilio wa mazoea. Mpinzani akianza 1.b3 nawe ukajibu g6 na kupanga Bg7, yeye akicheza 2.Bb2 utakuwa umetoa askofu: 3.Bxg7, na ngome ya h8 nayo imeshikwa. Ukicheza 1.d4 na kupanga 2.Bf4, jibu la 1...e5 linamla askofu wako kwa 2...exf4. Wachezaji wa buleti wanatega hivi makusudi, hasa wakijua unacheza mfumo uleule kila siku. Andrew Tang, maarufu kwa michezo ya sekunde 15, na wengine wa kasi hiyo wanaishi kwenye mbinu hizi. Ukiwa na zaidi ya sekunde 20, panga tu zile za kula tena. Ukishuka chini ya 5, panga karibu kila kitu, lakini weka kete zako kwenye mraba wa rangi ambayo askofu wa mpinzani hafiki, na mfalme mbali na mistari iliyo wazi.

Dalili: kete inaangukia mraba wa jirani

Chanzo kikubwa ni umbali. Ubao wa pikseli 1,000 unaudai mkono safari ndefu kutoka a1 hadi a8. Upunguze hadi kati ya pikseli 500 na 640; mraba utakuwa wa pikseli 62 hadi 80, unaotosha. Zima kuongezeka kwa kasi ya kishale katika mfumo wa kompyuta, ili mwendo uleule wa mkono utoe umbali uleule siku zote. Ruhusu njia zote mbili, kuburuta na kubofya kete kisha mraba: buruta kwa umbali mfupi, bofya kwa safari ndefu za malkia na ngome. Zima mwendo wa kete wa kupamba. Washa mpangilio wa askari anayefika mwisho wa ubao kuwa malkia moja kwa moja, ila katika mbio za askari angalia mraba wa mfalme wa mpinzani, kwa sababu malkia mpya anaweza kumkwamisha bila cheki na ikawa sare.

Kipanya cha 1,000 Hz kinatoa taarifa kila milisekunde 1, cha 125 Hz kila milisekunde 8. Skrini ya 60 Hz hubadilika kila milisekunde 16.7, ya 144 Hz kila 6.9. Ni tofauti za kweli lakini ndogo. Usinunue kifaa kabla hujarekebisha ukubwa wa ubao.

Dalili: sekunde zinapungua ingawa umecheza papo hapo

Huo ni mtandao. Ucheleweshaji wa ziada wa milisekunde 200 kwa hatua 60 ni sekunde 12, na katika mchezo wa dakika moja hiyo ni sehemu ya tano ya muda wako. Lichess, ambayo seva zake kuu ziko Ufaransa, hufidia sehemu ya ucheleweshaji, lakini kwa kikomo. Bofya jina lako kwenye tovuti hiyo utaona namba mbili, ya mtandao na ya seva. Ya kwanza ikiwa juu na ya pili chini, tatizo liko upande wako.

Ucheleweshaji mkubwa usiobadilika unavumilika kuliko ule unaoruka kutoka 50 hadi 400. Pima kwa vifurushi 100 vya majaribio (ping) na utazame pengo kati ya kidogo na kikubwa. Tumia waya badala ya Wi-Fi, funga programu zinazopakia faili, na kama unarusha matangazo punguza ubora wa picha mpaka nusu ya uwezo wako wa kupakia ibaki huru.

Dalili: unashindwa ukiwa na dakika nzima mfukoni

Hili ni fungu la tatu, na ni kinyume cha yote ya juu. Grandimasta anatambua umbo la nafasi kwa kutazama tu, basi anacheza hatua ya kawaida katika nafasi isiyo ya kawaida. Ukipata makosa kumi ya aina hii, yapange kando kwa kando na utazame hatua ya mpinzani iliyotangulia kila kosa. Kwa kawaida itakuwa mojawapo kati ya tatu: askari aliyesukumwa kufungua safu, kete iliyotolewa ambayo ulidhani ni kosa lake, au kete iliyorudi nyuma na kufungua mstari wa nyingine. Aina ya tatu ndiyo inayopita kimya zaidi.

Jiwekee uwekezaji miwili ya sekunde 15 hadi 20 kwa kila mchezo wa 3+1, na uitumie kwenye alama hizo tatu. Bajeti ya vituo vya hapo juu inairuhusu. Ukimaliza mchezo uliopoteza ukiwa na zaidi ya sekunde 60, andika hatua ambayo ulipaswa kusimama.

Dalili: kushindwa kunakuja kwa mafungu

Pima wastani wa sekunde kwa hatua katika mchezo unaofuata baada ya kushindwa. Ukishuka kwa zaidi ya robo, hasira ndiyo inayocheza. Michezo miwili ikipotea mfululizo, simama dakika kumi. Katika shindano la raundi 11, mfumo ambao Titled Tuesday, shindano la Chess.com la wachezaji wenye vyeo, umetumia kwa miaka mingi, huna anasa hiyo. Tumia muda kati ya raundi kusimama, kunywa maji, na usifungue kabisa uchambuzi wa mchezo uliopotea.

Kujua kama tiba imefanya kazi

Badilisha jambo moja tu kwa wakati, kisha cheza michezo 100 mingine ya kasi ileile. Usitegemee asilimia ya ushindi peke yake: kwa michezo 100, bahati tupu inaweza kuisogeza pointi kumi juu au chini, na pointi kumi kutoka hamsini ni sawa na takribani 70 za ukadiriaji. Linganisha mafungu manne. Kama ulikuwa na michezo 14 kwenye fungu la kwanza na sasa una 6, dawa imeshika hata kama ukadiriaji haujapanda bado. Kama fungu la kwanza limepungua lakini la tatu limevimba, umeongeza kasi kupita kiasi. Rudisha sekunde 10 kwenye kituo cha 20 na uanze hesabu upya.